Draiva Iliyozoea Kupatana Bei

Siku ile ya kuniaga nilipostaafu mlinipa kipaza sauti, na kabla sijamaliza hata salamu, masinia ya pilau yakaanza kuingia mlangoni. Nikajua pale hakuna atakayenisikiliza tena. Sikuwalaumu, maana hata mimi macho yangu yalikuwa kwenye sinia. Lakini nilirudi nyumbani na maneno tumboni, na mwanamke wa Makorora akilala na maneno tumboni hapati usingizi. Basi nayaandika, myasome mkiwa mmeshiba.

Vyeo sitavisimulia. Niliingia fundi nikatoka fundi mkuu, na tofauti ya hivyo viwili ni kiti chenye magurudumu. Mshahara nao tuuache, hilo ni baina yangu na Mola wangu, na bosi wetu Bwana Fazal mwenyewe anajua alichofanya.

Ninachotaka kuwaeleza ni ile sehemu fupi ya draiva yetu, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuelewana na kadi ya mtandao, pale kadi inapoomba ruhusa ya kutumia kumbukumbu ya kompyuta. Nawaona kila siku mnaipita bila hata kuitupia jicho. Ni mistari michache tu: inaomba mara moja, ikikataliwa inasimama na kutaja sababu. Mnadhani ilizaliwa hivyo. Thubutu! Ilizaliwa ndefu, ina maneno kama mpiga debe, na nusura itutoe sote karakanani na mahali petu pawekwe magodoro.

Nianzie siku ya kwanza. Nilikuja Tanga mjini kutoka Maramba nimevaa viatu vya dada yangu, na dada yangu mguu wake mdogo. Duka la Bwana Fazal mnalijua: mbele redio, pasi, feni na vyerehani, nyuma ua wenye geti, na mwisho wa ua karakana yetu. Juu ya kaunta kulikuwa na kibao ambacho babu yake alikitundika: BEI MOJA. Kwa watu wa Tanga kibao cha namna ile ni uchokozi. Mtu aliyekuwa anapita zake tu hana haja ya kununua, akikiona anaingia ajaribu.

Na mimi nilijaribu. Nilipoambiwa nisubiri kuhojiwa nikaona nikikaa bure viatu vitaniua kwa maumivu, basi nikaanza kupatana bei ya pasi. Sikuwa na haja ya pasi wala nguo ya kupiga pasi. Bwana Fazal, wakati huo bado kijana, nywele nyeusi tii, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, kibao hujakiona?"

"Nimekiona, bosi. Ndiyo maana nimeanzia chini."

Hakunipunguzia hata thumni, lakini kazi akanipa. Baadaye alisema alitaka mtu asiyechoka haraka.

Karakanani nilimkuta Mzee Elinaza. Nyie wengine hamkumwahi, kwa hiyo nimtambulishe. Alikuwa Msambaa kutoka milimani, mzee wa kanisa la Kilutheri, na sauti yake ya besi ilikuwa ikitetemesha vioo vya kabati la vipuri. Programu alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo wenzake walikuwa wakifungia karanga. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliamini fundi mwenye njaa hupoteza skrubu, na mpaka leo sijaona ushahidi wa kumpinga.

Alinikabidhi bisibisi moja ambayo mpini wake ulikuwa umeviringishwa kipande cha kanga, na brashi ya rangi ya kusafishia vumbi. Akanikataza kupuliza bodi kwa mdomo. "Pumzi ina maji," alisema, "na hewa ya hapa ina chumvi. Ukipuliza unapika mchuzi." Wiki nzima nilikuwa nikibana pumzi kila nikiinama mezani, Kombo akadhani nina pumu. Kombo ndiye alikuwa fundi wa nyaya, mtu wa tatu na wa mwisho katika karakana, mwembamba kuliko nyaya zake, na alikuwa akila kwa ajili ya watu wanne.

Kazi yetu mnaijua. Bwana Fazal alikuwa akinunua bodi na kadi za mtandao za bei nafuu, zile ambazo kiwanda kimeziuza kikafumba macho, hazina programu wala baba. Sisi tunaziunganisha ndani ya boksi, linakuwa kompyuta ndogo ya mtandao, tunaziandikia draiva, kisha boksi linakwenda kwenye shamba la mkonge, au shule, au kwa watu wa forodha. Boksi likikaa miezi bila kulalamika, mteja anatusahau, na kusahauliwa katika kazi hii ndiyo sifa kubwa.

Mambo ya kumbukumbu Mzee alinifundisha kwa kutumia stoo ya Bwana Fazal. Alinisimamisha mlangoni akasema: stoo ndiyo kumbukumbu, na kadi ya mtandao ni hamali. Mzigo ukifika kutoka nje, zamani hamali alikuwa anamwita bosi, bosi anaacha kazi yake, anaupokea, anauweka kwenye rafu mwenyewe. Bosi hapumziki. Siku hizi hamali anaruhusiwa kuingia stoo mwenyewe na kuupanga. Lakini kabla ya siku yake ya kwanza lazima aende kwa mwenye stoo, ambaye ni mfumo wenyewe wa kompyuta, amwambie mkono wake unafika wapi. Mwenye mkono mrefu anafika rafu zote, mwenye mkono mfupi anafika za karibu tu. Mkono mrefu tunauita wa biti sitini na nne, mfupi wa biti thelathini na mbili. Mwenye stoo akisema ndiyo, hamali anaanza kazi. Nikaelewa palepale, na tangu siku hiyo nikawa namwita Kombo hamali wa mkono mfupi.

Sasa, Mzee Elinaza alipoandika ile sehemu ya kuomba ruhusa, aliiandika kama alivyokuwa akinunua machungwa.

Hapa lazima niwaeleze machungwa. Tukitoka na pikapu kupeleka maboksi upande wa Muheza, Mzee alikuwa hawezi kupita wauza machungwa bila kushuka. Anaanza kwa kuomba gunia zima kwa bei ya kutukana mtu. Muuzaji anakataa. Mzee haulizi kwa nini, anaomba nusu gunia. Muuzaji bado anakataa, tena anaapa kwa Mungu, lakini Mzee hayuko tena pale kumsikiliza. Yuko nyuma ya pikapu anapakia. Anapakia huku anauliza habari za watoto, za mvua, za shamba, na yule mtu "hapana" yake inamfia mdomoni. Anabaki kucheka, anapokea alichopewa. Nilimwuliza Mzee, kwani hukumsikia akikataa? Akaniambia, "Mwanangu, hapana ya mwenye machungwa ni kusafisha koo."

Na draiva yake ilikuwa vivyo hivyo. Inaomba mkono mrefu. Ikikataliwa, haiulizi sababu, inaomba mkono mfupi. Na ikikataliwa mkono mfupi? Haisikilizi. Jibu la pili haikulitazama kabisa. Inaanza kupakia. Nilipomwuliza alinijibu kwa upole wa mtu anayejua: "Aliyekunyima kanzu, kofia atakupa." Sehemu hiyo aliinakili kutoka draiva moja hadi nyingine, kadi baada ya kadi, mpaka ikawa kama bismillahi ya karakana, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mlutheri.

Mbona basi sikuifuta? Kwa sababu ya karamu ya mstari. Hii desturi aliianzisha Mzee mwenyewe, na nasikia nyie mmeanza kuilegeza, nami sijapenda. Mtu hafuti mstari wa mwenzake. Anakwenda kumweleza, na mwenye mstari akikubali, anaufuta kwa mkono wake. Boksi likienda vizuri zaidi, mwenye mstari anailisha karakana nzima. Boksi likifa, analisha aliyetaka ufutwe. Mimi nimelisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kombo alilishwa na kila mtu. Mzee Elinaza hakuwahi kulisha hata siku moja, na jambo hilo lilikuwa linaniwasha kama upupu.

Basi ikaja shehena ya bodi mpya. Bwana Fazal alizinunua kwa furaha kubwa, na furaha ya Bwana Fazal katika manunuzi siku zote ilikuwa dalili mbaya kwetu. Tukaziunganisha, tukaweka draiva ya Mzee, tukawasha. Taa ya kijani. Draiva ikasema kila kitu salama salimini. Tukafunga maboksi, moja likaenda shamba la mkonge, jingine Kigombe, kwa mama mmoja mwenye chumba cha barafu, aliyetaka kujua hali ya baridi ya samaki wake akiwa kwake mjini.

Yakarudi. Shida yake ilikuwa ya ajabu: boksi linawaka, linajitangaza zima, mzigo wa kwanza ukiingia kutoka mtandaoni linanyamaza jii. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Ukilizima na kuliwasha linakwambia tena salama salimini.

Tulianza kulaumu. Tukalaumu chumvi, tukapaka bodi vanishi. Tukalaumu radi, na mbingu ilikuwa nyeupe. Tukalaumu sisimizi. Kisha tukamgeukia Kombo na nyaya zake, na maskini akazivua zote akazivisha vichwa vipya, na akatununia mpaka chakula cha mchana. Maboksi yakapelekwa tena, la mkonge likarudi, la Kigombe likabaki huko. Yule mama wa Kigombe akampigia simu Bwana Fazal akamwambia samaki wake wanaharibika wakati boksi linamwambia salama salimini, na kwamba hata mume wake wa kwanza alikuwa na tabia hiyohiyo.

Siku hiyo Bwana Fazal aliingia karakanani na futi kamba. Akapima ukuta mmoja, akapima wa pili, akasogeza kiti changu na mimi nimekikalia, akapima nyuma yangu.

"Bosi, kuna nini?" nikamwuliza.

"Magodoro," akasema.

"Magodoro yamefanyaje?"

"Yanakuja kutoka Dar. Godoro halirudi, dada Riziki. Umeshawahi kuona mtu karudisha godoro kwa sababu limenyamaza?" Akaviringisha futi kamba. "Mzee Elinaza, mimi nakuheshimu kama baba. Lakini boksi likirudi tena, hapa nafanya stoo. Wewe na Kombo nitawatafutia kazi mbele dukani. Dada Riziki hapana, ataniharibia kibao."

Akatoka. Kombo akaacha kutafuna, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana sikuwahi kumwona akiacha. Mimi nilikuwa na watoto wawili shuleni na mama yangu Maramba anayenitazama mimi. Lakini zaidi ya hayo, wallahi, niliipenda ile karakana. Niliitazama meza yangu, nikaona kama godoro limeshalala juu yake.

Nikaamua kumsikiliza mwenye stoo mwenyewe, yule wa ndani ya kompyuta. Nikachukua nakala ya draiva nikaweka mistari yangu ya muda, iandike kila jibu ambalo mfumo unatoa. Nikawasha lile boksi la mkonge. Likaomba mkono mrefu: hapana. Likaomba mkono mfupi: hapana. Likaendelea mbele likatangaza salama salimini.

Nikakaa nikacheka peke yangu kama mwehu. Mara mbili limeambiwa hapana, linapakia machungwa!

Nikalifuatilia zaidi nikaiona sababu. Kila bodi ina maelezo yake, ambayo mfumo unayasoma ujue kuna nini juu yake. Katika maelezo yaliyokuja na bodi zile mpya, ile kadi haikuandikwa kabisa kuwa inaruhusiwa kuingia kwenye kumbukumbu. Hamali hayumo katika orodha ya wafanyakazi. Sasa awe na mkono mrefu, awe na mkono mfupi, atapita wapi? Sababu ya kukataliwa mara ya kwanza ndiyo hiyohiyo ya mara ya pili. Na kuna lililonishangaza zaidi. Mwenye stoo hamkatai hamali kwa urefu wa mkono. Rafu anazijua yeye, mwenye mkono mrefu atampangia hata za karibu. Kwa maana hiyo ombi la pili halikuwahi kumsaidia mtu, si kwenye bodi hii, si kwenye bodi yoyote tuliyowahi kuiwasha. Miaka yote ile lilikuwa linasindikiza tu.

Nikamwendea Mzee. Nikamweleza kwa adabu zote, mikono nimeifumbata. Akasikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Umeomba vibaya," akasema.

"Nimeomba kwa draiva yako, mzee wangu."

"Basi mistari yako ya muda imelitia boksi uchawi. Sehemu hiyo imeendesha maboksi kabla hujajua kushika bisibisi. Nikiiondoa, maboksi yote yaliyoko nje yatakufa, na huyo Fazal atalaza magodoro juu ya vifua vyetu."

Nikamweleza tena. Akaanza kuimba tenzi kwa chini, ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema mazungumzo yamekwisha. Nakala kuu ya draiva ilikuwa kwake. Ningeweza kumwendea Bwana Fazal nimshitaki, lakini mtu aliyenipa bisibisi yangu ya kwanza nimvunjie heshima mbele ya mwenye duka? Hapana. Niliona bora nimfanyie ushenzi wa kiungwana.

Asubuhi iliyofuata Mzee alipangiwa kwenda Kigombe kuchukua lile boksi, tulifanyie jaribio la mwisho. Mimi niliwahi. Pikapu ilikuwa ndani ya ua, na baiskeli ya duka imeegemezwa ukutani. Nikafunga geti kwa kufuli lake la siku zote, ufunguo nikautumbukiza ndani ya feni mbovu iliyokuwa mezani kwangu. Kisha nikaenda kaunta nikamwambia Bwana Fazal, kwa uso wa huzuni, kwamba geti limefungwa na ufunguo hauonekani.

Mzee akafika, akamwamkia Bwana Fazal, akaomba pikapu.

"Gari leo halitoki, mzee wangu," Bwana Fazal akasema, huku anafungua droo moja baada ya nyingine.

Mzee hakuuliza kwa nini! Nilikuwa nimejibanza nyuma ya vyerehani, nikaziba mdomo kwa mtandio. "Basi nipe baiskeli," akasema, "nitaifunga juu ya gari la abiria."

"Baiskeli nayo haitoki, Mzee, kwa sababu..."

Lakini mzee wetu alikuwa ameshafika uani. Huyo, anafunga kikapu cha vifaa nyuma ya baiskeli, huku anapaza sauti kumwuliza Bwana Fazal habari za mama yake mzazi na presha yake. Akaisukuma baiskeli mpaka getini. Akakuta kufuli. Akalisukuma geti kidogo kwa gurudumu, kama mtu anayebembeleza.

Nikatokea. "Mzee wangu, kwani bosi alisemaje?"

"Alisema gari halitoki."

"Na baiskeli?"

Akageuka kukaza kikapu nyuma ya baiskeli.

"Alikwambia sababu?"

"Sikumwuliza."

"Sababu ya gari kutotoka na ya baiskeli ni mbili au moja?"

Akalitazama lile kufuli. Akatia mkono mfukoni, akasimama hivyo kitambo, mkono uko mfukoni. Mimi najiambia, Riziki, leo umevuka mpaka, mzee wa watu huyu. Hatimaye akautoa mkono na leso, akajifuta uso taratibu, paji mpaka shingo. Akaiegemeza baiskeli ukutani.

"Fungua ile sehemu ya draiva," akasema.

Tukaingia ndani. Akakaa, mimi nikasimama nyuma yake. Akaisoma tangu juu mpaka chini, midomo inacheza. Akaniuliza, "Miaka yote hii, ombi la pili halikufanya kazi?"

"Halikufanya, mzee."

"Hata mara moja?"

Nilitamani kumdanganya, lakini nikasema, "Hata mara moja."

Akashusha pumzi. Kisha akaanza kufuta kwa mkono wake mwenyewe. Alifuta ombi la pili. Alifuta na kile kialama kidogo kilichokuwa kinakumbuka kama mkono ni mrefu au mfupi, maana siku zote kilisema mrefu, na mtu anayejibu neno moja daima huna haja ya kumwuliza. Akaacha ombi moja, na chini yake akaandika: likikataliwa, simama, sema sababu. Tukawasha boksi. Safari hii hakuna taa ya kijani, hakuna salama salimini. Likasimama hapohapo mlangoni likasema limekataliwa kuingia kwenye kumbukumbu. Sijawahi kufurahia kosa kama lile. Tukaenda kwenye maelezo ya bodi, tukaiandikisha kadi yetu kazini, tukawasha tena, tukalimwagia mzigo wa mtandao kwa fujo. Likaupokea wote. Tukalipakia kwa saa nyingi, likawa linameza tu, kama Kombo.

Ufunguo wa geti niliuokota ndani ya feni, kwa mshangao mkubwa. Bwana Fazal akanitazama juu ya miwani, lakini hakuuliza.

Maboksi yakaenda, na hayakurudi. Yule mama wa Kigombe alipiga simu, sote tukaganda. Alikuwa anataka boksi la pili, kwa ajili ya dada yake. Na Mzee Elinaza, kwa mara ya kwanza tangu dunia kuumbwa, akalisha karakana. Mkewe alipika bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, na Mzee akagawa mwenyewe, akanipa mimi kipande cha mwisho kabla Kombo hajakifikia. Bwana Fazal naye akaja na futi kamba yake. Akala, akanawa, akaiweka futi kamba juu ya meza yangu.

"Kaeni nayo," akasema. "Mimi sina cha kupima."

Magodoro yalikuja kweli, yakalala uani chini ya turubai, na wateja wakayapatania bei mpaka yakaisha. Draiva zetu zote tulizipitia moja moja tukaondoa ombi la pili. Mnazoziona leo ndizo hizo.

Mzee alistaafu miaka kadhaa baadaye. Siku yake hakukuwa na kipaza sauti, sauti yake ilitosha. Watu walipoanza kutawanyika aliniita pembeni, karibu na geti, akanipa kitu kidogo kilichofungwa kwenye kipande cha kanga ileile iliyoviringishwa mpini wa bisibisi yangu. Nikafungua. Ufunguo.

"Wa nini huu, mzee wangu?"

"Wa kufuli la geti hili. Marehemu baba yake Fazal alinipa, ikitokea dharura. Fazal mwenyewe hajui kama upo."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikamwona tena kama alivyosimama asubuhi ile mbele ya kufuli, mkono mfukoni, kitambo kirefu, halafu leso.

"Siku ile ulikuwa nao," nikasema.

"Nilikuwa nao. Niliushika kabisa."

"Sasa mbona hukufungua?"

Akanitazama, yule mzee, macho yanacheka, machozi yako karibu.

"Ningefungua, mwanangu," akasema, "ningepata baiskeli, nisingepata sababu."